Moto Usioazimwa

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu moto haukuazimwa. Jirani angeweza kuja kuomba chumvi, ungo, mwiko, hata kitanda cha kulazia mgonjwa, akapewa. Lakini akija na kigae mkononi kuomba kaa la moto, alirudishwa kutoka uani kwa maneno mazuri. Hakuna aliyenuna, maana kijiji kizima kilijua sababu. Baba yangu alikuwa vitani, na nyumba yenye mtu vitani haitoi moto.

Tulikaa upande wa Isikizya, kando ya njia ya zamani ya misafara, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Tabora mjini. Reli ilikuwa imeshaichukua kazi ya njia ile, na mahali pengine ilikuwa kichaka kitupu, lakini wazee bado waliitaja kwa heshima. Babu zetu walibeba pembe za ndovu na mitumba ya nguo wakipita hapo kwenda pwani na kurudi, na wake zao waliobaki walishika miiko. Hawakupaka mafuta kichwani. Hawakukalia kigoda cha mume. Hawakutoa moto nje. Miiko mingine ilikufa pamoja na misafara, ila huo wa moto ulibaki, ukahamia kwa askari wa Mwingereza.

Bibi yangu mzaa baba ndiye aliyeusimamia. Alikuwa amebatizwa na mapadri na rozari haikumtoka shingoni, lakini alikuwa pia na Mwenye Kipupwe wake, na sikuwahi kuona imani hizo mbili zikimgombanisha. Alitusimulia kwamba zamani Mungu aliwagawia watumishi wake majira na kazi. Mmoja akapata mvua, mwingine mavuno, mwingine mifugo na uzao wake. Wa mwisho alichelewa kufika, akakuta vimebaki baridi na mkuki, akapewa vyote viwili. Nyumba hakupewa, wala mafiga ya kuotea moto. Ndiyo maana upepo wa kipupwe unapoanza kuvuma, miezi ile ya Juni na Julai, yeye hushuka na kufuata njia akitafuta joto. Pale watu wanapopigana ndipo hukaa akaota, kwa sababu damu ya mtu ina moto.

"Hana ubaya," Bibi alikuwa akisema huku akijifunga kaniki yake vizuri mabegani. "Ana baridi tu. Na amechoka, maskini."

Nilikuwa mtoto mwoga, lakini Mwenye Kipupwe hakunitisha sana. Nilimwonea huruma. Kilichonitisha ni hiyo kanuni yake. Mtu akiwa vitani, moto wa mafiga ya nyumbani kwake ndio unaomlinda. Mwenye Kipupwe akimsogelea, akaona joto lake lina mwenyewe huko alikotoka, humwacha akapita. Moto ukizimika, au ukigawanywa, basi joto lile halina mwenyewe. Na moto wa kiberiti haukufaa kuziba pengo, kwa maneno ya Bibi hauna ukoo. Hata hivyo viberiti vyenyewe wakati wa vita vilikuwa adimu madukani.

Bibi alijua alichokuwa anakisema, au alidhani anajua. Katika vita vya Mjerumani mumewe alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Yeye akiwa bado msichana mwenye mtoto mmoja mgongoni, akampa shoga yake kaa moja la moto asubuhi ya baridi, kwa kuona haya kumnyima. Mume hakurudi, na hakuna aliyemwambia alifia wapi. Kila kipupwe alitusimulia habari hiyo bila machozi, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vilivyomo ghalani. Alimalizia kwa maneno yaleyale: "Nilimtoa mwenyewe kwa mkono wangu."

Mama yangu alikuwa binti wa katekista na mambo hayo aliyachekea pembeni. Alikuwa mwanamke wa kucheka, siku hizo. Akinisuka nywele uani aliniigizia Mwenye Kipupwe akipiga chafya, mpaka Bibi akohoe kwa hasira kutoka ndani. Lakini hakuwahi kutoa moto hata mara moja. Nafikiri alikuwa kama wengi wetu, anacheka na huku anatii, asije akajilaumu baadaye. Tulikuwa na gogo kubwa la myombo likiwaka polepole kwenye mafiga, na kazi yangu mimi Kabula, mtoto wa miaka tisa, ilikuwa kulisogeza kila linapopungua. Nililisogeza masika na kiangazi, nikiwa mzima, na nikiwa na homa. Watoto wenzangu walikuwa wanacheza, mimi namlinda Baba.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, maana mzee akianza kueleza gogo hamalizi.

Ilikuwa kipupwe cha pili tangu Baba aondoke. Asubuhi, upepo unavuma wa kukata masikio, Mama na Bibi walikwenda kwa ndugu kusaidia kupura mtama, nikabaki peke yangu na gogo langu. Akaja Mama Sesilia. Huyu alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, na mumewe aliondoka katika lori moja na Baba. Mgongoni alimbeba Sesilia, mtoto wa miaka mitatu, anayepumua kwa mluzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wakubwa wako?"

"Wamekwenda kupura mtama."

Hakushangaa. Akatoa kigae chini ya kanga yake. "Moto wangu umezimika, Kabula. Nilikuwa mjini hospitali siku tatu na huyu, kifua kimembana. Yule niliyemwachia moto ameuacha ukafa. Nimekuja jana jioni nimekuta jivu."

"Bibi amekataza," nikasema.

"Najua amekataza. Ndiyo maana nimekuja wakati hayupo."

Sijasahau ukweli wake huo. Angeweza kunidanganya, nilikuwa mtoto, lakini hakunidanganya. Alisema nyumba nyingine zote zilikuwa na moto, ndiyo, lakini moto wa nyumba isiyo na mtu vitani ungekuwa wa kupikia ugali tu. Alitaka moto ambao haujazimika tangu lori liondoke, na moto wa namna hiyo ulikuwa kwetu peke yake. Kisha akapiga magoti. Mtu mzima, mama wa watu, alinipigia magoti mimi katika vumbi la jikoni, na mtoto wake mgongoni akaanza kukohoa.

Nilishindwa. Ningependa kusema niliongozwa na huruma, lakini nilichotaka zaidi ni ainuke. Nilichokonoa makaa mawili makubwa kutoka ubavuni mwa gogo nikayaweka katika kigae chake. Akayafunika kwa jivu, akaniambia nisimwambie mtu, akaondoka akiwa amekiinamia kigae upepo usikipulize.

Gogo lilionekana vilevile. Nililitazama mchana kutwa.

Miezi miwili baadaye barua ikaja. Mjumbe wa mtemi aliileta pamoja na karani wa kuisoma, kwa kuwa iliandikwa Kiingereza. Ilikuwa fupi kiasi kwamba karani aliisoma mara mbili ili ionekane ni barua. Baba alikuwa amefariki akiwa kazini, huko Burma. Haikusema alikufaje wala lini. Mama alikaa chini pale pale aliposimama. Bibi aliingia jikoni, akamwagia gogo maji mpaka likaacha kufuka, akatuuliza mimi na Mama swali moja tu.

"Nani alitoa moto?"

Mama akatikisa kichwa. Mimi pia nikatikisa.

Miezi iliyofuata sitaki kuieleza kwa urefu. Nilikuwa najua nimemuua baba yangu. Nilikula nikijua hivyo, nikaenda misa nikijua hivyo, na padri aliponiuliza dhambi zangu nilimtajia utundu na uvivu. Mama Sesilia naye alijua. Alianza kuja kwetu alfajiri kufagia uwanja bila kuombwa, akatuletea maji, mlenda, kuni. Bibi akamsifu kwa moyo wake mwema. Sisi wawili hatukuweza kutazamana. Tulikuwa kama wezi wawili walioiba kitu kimoja, na kila mmoja anaogopa mwenzake atatangulia kusema. Ilinichosha kuliko kazi yoyote niliyofanya tangu hapo, na nimefanya kazi nyingi.

Mvua za kwanza zilipoanza, Baba Sesilia akarudi. Alikuwa amepoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia na alivaa koti zito la jeshi hata penye joto. Siku ya tatu akaja kwetu na mkewe kutupa pole na kutueleza. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, mimi nyuma yake, Mama Sesilia karibu na ukuta. Mama alikuwa anamchotea mgeni maji.

Alieleza taratibu, macho yakiwa chini. Baba hakupigwa risasi. Alishikwa na kuhara damu kambini, akakaa hospitali ya jeshi wiki mbili, akafa usingizini. Hakupiga kelele. Alikuwa anazungumzia mizinga yake ya nyuki, nani ataitazama.

"Ilikuwa lini?" Bibi akauliza.

"Kwaresima, mama. Nakumbuka kwa sababu padri wa jeshi alituambia wakati wa kumzika, kwamba ameondoka Kwaresima."

Nilihesabu haraka, kama ninavyohesabu sasa. Kwaresima iko kabla ya Pasaka, na Pasaka iko kabla ya kipupwe. Siku niliyompa Mama Sesilia yale makaa, Baba alikuwa kaburini miezi minne. Miezi minne yote nilikuwa nasogeza gogo la mtu aliyekufa. Nilimtazama Mama Sesilia, na kwa mara ya kwanza tangu kipupwe naye akanitazama. Uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo wa kuni. Sikuwa nimemuua mtu. Wala yeye.

Furaha hiyo niliipata kwa muda wa kumeza mate tu.

"Kwaresima moto ulikuwa mzima," Bibi akasema. Akarudia, sauti imeshuka. "Moto ulikuwa mzima kabisa. Basi ni bure."

Mtu angedhani angefarijika. Tangu vita vya Mjerumani alijihukumu kwa kaa moja, na sasa alikuwa anaambiwa kwamba kaa halina kosa. Lakini sikuona faraja. Niliona mikono yake inapapasa mkeka kama inatafuta kitu kilichodondoka. Kama moto haulindi, basi mumewe alichukuliwa bure, na mwanawe amechukuliwa bure, hakuna aliyekosea na hakuna kilichowezekana kufanywa. Alikuwa ameyajenga maisha yake yote juu ya kosa lile. Leo naweza kulieleza hivyo. Siku ile niliona tu Bibi yangu anazama mbele yangu, na nilikuwa na kamba mkononi.

"Mimi nilitoa moto, Bibi," nikasema.

Mikono ikatulia. Hakugeuka. "Lini?"

Hapo ndipo ningeweza kusema kweli na kubaki huru. Nilikuwa najua majira, sikuwa mjinga.

"Kabla ya Pasaka."

"Ulimpa nani?"

"Mpita njia. Mwanamke mmoja, alisema anatoka Choma anakwenda mjini. Alikuwa na mtoto."

Mama Sesilia akajifunika mdomo kwa upindo wa kanga. Mumewe alikuwa anatazama vidole vyake vilivyobaki. Bibi akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akanishika, akanivuta mpaka nikakaa ubavuni pake. Nilingoja kofi. Akaniwekea kichwa changu kwenye bega lake lenye harufu ya moshi.

"Basi tuko wawili," akasema. Akaanza kulia, mara ya kwanza nimemwona akilia, na alilia vizuri, kama mtu aliyeruhusiwa.

Niliinua macho nikamwona Mama mlangoni, kata ya maji mkononi. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Aliiweka kata chini kwa uangalifu, maji yasimwagike, akatoka nje.

Bibi aliishi miaka kumi na mmoja baada ya siku ile, na alinipenda kuliko wajukuu wote. Nililala kwake, nikala kwenye sahani yake. Kila kipupwe alisimulia makosa mawili, la kwake na la kwangu, halafu ananipapasa mgongo kuniambia Mungu anasamehe. Nilimwitikia. Wakati mwingine nilitaka kumwambia, lakini nikimtazama alivyotulia, napiga moyo konde nanyamaza. Huenda nilimnyima uhuru wake. Huenda angekaa siku tatu katika ule utupu, kisha akainuka mwanamke mwepesi. Nimeligeuza jambo hilo mara nyingi nikiwa sina usingizi, na sijapata jibu.

Kwa Mama gharama ilikuwa nyingine. Hakunipiga wala hakunitukana, na chakula alinipa sawa na siku zote. Ila hakunisuka tena. Alinipeleka kwa jirani nikasukwe, akisema mikono inamuuma. Zamani aliniita "Kabula wangu", sasa akaniita "wewe", na mara nyingi hakuniita kabisa. Nilipoolewa alifanya kila kitu cha mama mzazi bila kosa, akanifunga kanga, akanitia udi, akaniaga kwa kunipa mkono. Watu wakasema mama huyu amejikaza. Mimi nilijua hakuna alichokuwa anakikaza.

Nilimwelewa. Ndivyo nilivyojiambia. Binti wa katekista aliyeyacheka mambo yale, naye alikuwa anaamini kumbe, na mimi nimemuulia mume. Nikasema nitangoja. Bibi akishaondoka, nitamwambia Mama kweli, na kila kitu kitarudi mahali pake.

Bibi akafa, kwa uzee, amelala. Baada ya arobaini nilikaa na Mama uani tukibangua karanga, mwanangu wa kwanza amelala mgongoni mwangu. Nikamweleza yote, makaa mawili, Mama Sesilia na kigae chake, kipupwe na siyo Kwaresima. Nilieleza hadi mwisho bila kuinua macho. Sauti ya maganda haikukatika upande wake hata mara moja.

"Najua," Mama akasema.

Nikadhani hakunisikia vizuri.

"Najua, Kabula. Mama Sesilia alinijia wiki ileile uliyomwambia Bibi, usiku haukumpa usingizi. Akaniambia yote. Akasema mtoto wako amejitwisha kisicho chake, mwondolee."

"Sasa mbona hukuniondolea?"

Alichukua karanga nyingine. Alikuwa bado hajazeeka, lakini mikono yake ilikuwa imezeeka.

"Nilikuwa nimechoka," akasema. "Vita siwezi kuvilaumu, sijui viko wapi. Mwingereza siwezi. Mungu nilifundishwa nisimlaumu. Wewe ulikuwa hapa. Nikikulaumu wewe, nilipata usingizi. Nikasema siku moja tu, kesho nitaacha. Ikawa kesho na kesho." Kisha akaongeza, kama anayenipa karanga zilizobaki, "Nisamehe, au usinisamehe. Vyovyote nitaelewa."

Nilimalizia ungo wangu, nikamfunga mtoto vizuri, nikaenda kwangu. Tulirudi kuzungumza kama watu, polepole, na kabla hajafa aliniita "Kabula wangu" mara mbili nilizozisikia kwa masikio yangu. Zilikuwa chache, lakini nilizichukua.

Leo nimempita kwa umri mbali sana. Siku karani aliposoma ile barua mara mbili, Mama alikuwa na miaka ishirini na sita, na nikimkumbuka sasa namwona kama mmoja wa wajukuu zangu, msichana tu aliyeketi chini pale aliposimama. Hasira zimeniisha. Kama kunilaumu ndiko kulikompa usingizi, sikatai, alikuwa anauhitaji. Angeniambia tu kwamba anaijua kweli, hata kwa kuninong'oneza, ningeendelea kubebeshwa lawama, na ningemwacha alale.